Gurudumu la Mgongoni

Juzi, kule Diani, niliona gari lenye vitanda na jiko ndani, gurudumu la akiba limefungwa nyuma, nikamkumbuka mama.

Utotoni mwangu gari kama hilo lilipasuka tairi karibu na shamba letu, Msambweni. Lilikuwa la Mzungu, na ndani mke wake alikuwa akiungua kwa homa. Gurudumu la akiba lilikuwa chini ya gari, limezama mchangani. Mama alichimba kwa jembe, harufu ya mpira ikituzunguka, hadi likatoka. Walipokwisha kulibadilisha, lile bovu akalifunga nyuma ya gari kwa kamba ya makumbi ya nazi.

"Libebe mgongoni, bwana, kama mtoto," alimwambia.

Kabla ya kuondoka kwenda hospitali, Mzungu alimvulia kofia. Siku zile Wazungu hawakuwavulia kofia mama zetu. Mimi nilidhani amesikia joto.