Kaseti ya Bibi Anashuka Ngazi

Mwezi uliopita, Ijumaa moja, nilikuwa jikoni nasubiri wali ukauke. Redio iko juu ya friji kama kawaida yake, na mdogo wangu yumo ndani ya redio. Ana kipindi cha saa moja kila Ijumaa alasiri, cha jazi. Siyo jazi ya bendi zetu za dansi. Ile ya ng'ambo, ya tarumbeta na piano na lile gitaa kubwa la kusimama linalonguruma chini ya wenzake. Akapiga wimbo ninaoujua tangu nina miaka kumi na nne. Ulipokwisha akautaja kwa jina la Kizungu, akawataja wapigaji mmoja mmoja, mpaka mji waliorekodia. Nikapunguza sauti. Wimbo ule mimi nilikuwa nikiuita Mvua ya Darajani, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu Unguja hii aliyeuita vyengine.

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Namwonea wivu mdogo wangu, na mimi ndiye niliyemlea.

Wazee wetu waliondoka wakifuatana, mwaka mmoja. Mimi nilikuwa darasa la sita, yeye hajaanza hata chuo cha Kurani. Nikatoka skuli, nikakamata kazi aliyoiacha mama, mikate ya kumimina. Tulikaa Sokomuhogo, chumba cha chini kando ya ua. Ghorofa ya kati alikaa fundi saa, mtu mzima, mpole, mikono yake inanuka mafuta ya cherehani. Juu kabisa alikaa bibi mwenye nyumba, ambaye akishuka nyumba nzima tunajua.

Mchele nauroweka usiku, asubuhi naupeleka kusagwa, alasiri nakaa juu ya mbuzi kukuna nazi, moto wa juu na wa chini naupanga baada ya magharibi. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki na hamira, mabega yananiuma.

Fundi saa ndiye aliyekuwa na redio kaseti. Jumamosi alasiri, kwenye masafa mafupi, kulikuwa na kipindi cha jazi kutoka stesheni ya nje, na saa ile ile yeye lazima awe dukani. Basi akanitafutia kazi. Kila Jumamosi kabla ya kwenda dukani huitua redio kwenye dirisha la uani, mlingoti wake ameufunga waya unaopanda hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaniambia, "Vitufe viwili kwa pamoja, mwanangu. Kimoja kikichelewa, umerekodi upepo."

Nikawa nakuna nazi huku nikiitegea sikio. Muziki ukianza nafuta kidole kwenye kanga, nabonyeza. Mtangazaji akianza kusema, nakata. Alikuwa akisema Kiingereza kirefu, mimi sikijui, na mkanda ule ni adimu. Niliona ni hasara kuujaza maneno ya mtu asiyeeleweka. Kwa hivyo kaseti zote za fundi saa zilikuwa na nyimbo tupu. Hapana jina la wimbo, hapana jina la mpigaji.

Jioni aliporudi na kusikiliza alicheka mpaka akavua miwani. Nikadhani atanigombeza. Akasema tu kwamba watoto hawa hawana majina, na aliyewatahiri ndiye atakayewapa. Nikawapa. Kulikuwa na Mvua ya Darajani, piano yake inaanza tone moja moja halafu watu wote wanakimbia. Kulikuwa na Chai Haijachemka, na Ugomvi wa Kunguru. Na kulikuwa na Bibi Anashuka Ngazi. Huo ndio niliokuwa nikiupenda kuliko yote. Gitaa kubwa linateremka polepole, kidato kwa kidato, linasita, linashusha pumzi, linateremka tena, na piano inalia pembeni kama funguo kiunoni mwa bibi mwenye nyumba. Siku ya kwanza niliposikia nilitazama ngazi kweli, nikainuka kumpisha. Mdogo wangu aliyaandika majina yangu kwenye vibandiko kwa mwandiko wake wa skuli, ulimi nje.

Jumapili fundi saa alituita sote wawili juu, na kahawa, tusikilize. Alikuwa akiniuliza mimi, "Huu wa leo umeuitaje?" Sijawahi kuulizwa swali na mtu mzima kwa hamu vile.

Halafu mdogo wangu akafika madarasa ya juu, akajua Kiingereza. Jumamosi moja alikaa na mimi uani, mtangazaji akaanza, mimi nikanyoosha mkono kukata. Akanishika kiganja.

"Dada, anataja majina."

"Majina gani?"

"Ya nyimbo. Kila wiki anayataja, na wewe unayakata."

Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku ile yeye ndiye aliyebonyeza, mimi nikabaki na nazi yangu. Jumapili fundi saa akawa anamwita yeye kwanza, wanapekua kamusi pamoja, wanacheka mambo ambayo nikiuliza huniambia ni marefu kuyaeleza. Nilikuwa nikipanda na sinia la mikate nikasimama mlangoni mwao kama mgeni. Ada ya skuli naitoa mimi, na Kiingereza kile kile nilichokinunua kwa mabega yangu ndicho kilichonitoa chumbani. Hilo nililijua na nilitia kinywa kufuli. Fundi saa alipohamia kwa wanawe Maskati, redio alimpa mdogo wangu. Kaseti zilibaki kwangu, kwa sababu tu bati la biskuti zilimokaa lilikuwa langu.

Miaka hii mdogo wangu amezichukua moja moja. Anaziingiza kwenye kompyuta, anazisafisha, anatafuta majina. Kila akilipata ananipigia simu. "Dada, nshaupata ule wa mvua!" Ana furaha ya kweli, anadhani na mimi nafurahi. Namwambia mashallah. Nikikata simu nahisi kama mtu amekuja kumchukua mtoto niliyemnyonyesha, na karatasi zake zimekamilika.

Kaseti ya mwisho nilimwambia ilitafunwa na redio zamani. Nilidanganya. Ilikuwa chini ya kanga zangu.

Sasa Ijumaa ile, baada ya Mvua ya Darajani, aliwaambia wasikilizaji kwamba kuna wimbo mmoja wa utotoni umempotea, hajui jina lake la Kizungu wala mpigaji. Akajaribu kuwaimbia. Masikini, aliuimba kinyume. Bibi alikuwa anapanda! Tena mbio, yule ambaye hakupanda ngazi maishani mwake bila kukaa mara mbili. Nikauzima moto wa wali, nikafungua sanduku la kanga.

Kesho yake nikenda kwake. Nikamwekea kaseti mezani. Aliitazama, akanitazama mimi.

"Si ulisema imetafunwa?"

"Nilisema."

Aliitia kwenye mashine, na kabla ya gitaa ikaja sauti nyengine, kwaru, kwaru, kwaru, kisha gitaa likaanza kuteremka na ile sauti iko nalo, mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa mbuzi yangu. Nilikuwa nimekaa karibu mno na dirisha siku ile. Akaielekeza simu yake kwenye spika, maana siku hizi simu inausikiliza wimbo ikakutajia jina. Simu ikasikiliza, ikazunguka, ikasema haijaujua. Akarudia mara tatu.

"Ni hii nazi, dada. Inaichanganya. Nikiisafisha itaujua."

"Ukiitoa nazi," nikamwambia, "nirejeshee kaseti yangu."

Akaondoa mkono kwenye kibodi. Halafu akaurudisha wimbo mwanzo na tukausikiliza sote wawili.

Ijumaa iliyofuata aliupiga hewani na nazi yake. Akasema, "Unaitwa Bibi Anashuka Ngazi, umerekodiwa Sokomuhogo na dada yangu, na huyo mnayemsikia anakuna nazi ni yeye." Nilikaa kitako pale pale jikoni. Nyumba ile sasa ni hoteli, ngazi wamezitia zulia, mtu anashuka husikii kitu. Bibi hayupo. Fundi saa hayupo. Nazi tunakunisha kwa mashine sokoni, na mara nyengine, nakiri, nanunua tui la pakiti. Sauti ya mbuzi yangu imebaki kwenye mkanda ule tu.

Lakini mdogo wangu hakuishia hapo, hawezi, skuli imemkaa. Akaongeza, "Msikilizaji unayelijua jina lake lenyewe, tupigie."

Jina lake lenyewe.

Ijumaa mbili zimepita. Simu zinaingia kipindini, watu wanasalimia, wanaomba nyimbo. Kila moja ikilia naacha nilichoshika, nasogea kwenye friji, nasikiliza ni nani, anataka nini. Akisha kuaga, narudi kwenye jiko langu. Bado hajapatikana anayelijua.