Mahindi ya Juu ya Moto

Ipo siku moja sijaisahau, mwanangu, na leo umenilazimisha niikumbuke tena. Nimeingia jikoni nikakuta magunzi matupu. Nikatazama juu ya moto, ninapotundika mahindi ya mbegu: kamba tu. Umechoma mbegu! Nakuuliza, unanijibu huku unachezea simu, "Bibi, si zipo dukani?" Haya, weka hiyo simu chini.

Nilikuwa msichana, kijijini kwetu Daudi. Wageni walikuja kutoka Gehandu kumposa dada yangu Paulina. Ilikuwa miezi ya kulima, ghalani limebaki vumbi. Kaka yetu Bura, aliyependa sifa kuliko chakula, akashusha mahindi yaliyofungwa kwa maganda yao juu ya moto, akayapukuchua, akanipa nisage. Mama aliporudi kutoka kisimani akakuta unga tayari. Akafurahi, masikini, akakanda, akaoka mikate myembamba juu ya kigae.

Baba wa kijana aliyeposa alimega kipande, akakinusa, akakirudisha.

"Mama, unga huu una moshi. Mmetupikia mbegu?"

Mama akamgeukia Bura. Bura akainamisha kichwa. "Mzee, mgeni ni baraka," akajitetea.

"Mgeni akilala njaa, kesho ataamka. Shamba likilala njaa, ni mpaka mwakani. Nyumba inayokula mbegu sitamwoza mwanangu humo."

Wakaondoka, posa ikafa hapo hapo. Baba yetu, mtu mzima, akazunguka kwa watu mpaka Masieda akiomba mbegu, akapata ya kutosha nusu shamba. Paulina aliolewa baadaye sana, kwingine. Hadi tunamzika Bura, hakumwita tena kaka.

Majuto ni mjukuu, na wangu ndiye huyu aliyeshiba mbegu yangu! Ya dukani nimeipanda, sikatai. Lakini hii imezoea baridi yetu. Nilipewa na mama, naye aliitunza tangu ile aliyoiomba baba.

Basi sikia, mwanangu. Kula ugali, kula makande, choma mabichi mpaka meno yachoke. Ya juu ya moto usiyaguse, hata akija askofu. Njaa ya siku moja huvumilika. Kesho utakwenda kwa majirani, utaamkia shikamoo vizuri, na utaomba mbegu kwa mdomo wako mwenyewe.

Mungu akupe mvua kwa wakati, akupe shamba na wajukuu, nao wakusikie kuliko ulivyonisikia mimi.