Sabuni Iliyokula Sufuria la Jumuiya

Haya ninayowasimulia bado yananitia aibu, na kama kuna mtu wa kwetu Mgeta, kule milimani Morogoro, hapa namwomba asinikatize mpaka nimalize.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru, maduka ya Morogoro mjini yakajaa sabuni za nje za kila rangi na mishahara yetu ikabaki vilevile, basi kila mwalimu akawa na mradi wake, na mimi wa kemia nikawaahidi akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa kwamba nitawafundisha kutengeneza sabuni. Wakajaa uani kwa Mama Koleta, mwenyekiti wao. Nikaanza na somo (ualimu ni ugonjwa), nikawaambia vitu vikikutana kuna kuungana, kuna kuvunjika, kuna kimoja kukifukuza kingine na kukaa mahali pake, na kuna kubadilishana wenzi. Hapo kwenye wenzi wakacheka, nikavimba kichwa.

Ndoo ya plastiki ya kuchanganyia kostiki, ile dawa kali ya sabuni, nikaikuta imepasuka. Kutafuta nyingine niliona ni kuwachelewesha watu, nikaomba sufuria kubwa la alumini la jumuiya, lililokuwa limeshaoshwa kwa ajili ya arobaini ya baba mzazi wa Mama Koleta kesho yake.

Nikamimina maji, nikamimina kostiki. Likaanza kuchemka bila moto, likatoa povu jeusi na mvuke wa kukaba koo, akina mama wakakimbilia migombani na watoto mgongoni, na mimi nimesimama na mwiko, ndipo ikanijia kwamba alumini ikikutana na kostiki inaifukuza haidrojeni ya kwenye maji, jambo lilelile nililotoka kulieleza kwa madaha.

"Mwalimu, ndiyo sabuni hiyo?" Mama Koleta akauliza kutoka mbali.

"Hapana, mama. Ni sufuria linaliwa."

Tulipolimwaga lilikuwa na matundu chini. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Kesho yake walipika kwa sufuria ndogondogo, kwa zamu, watu waliopanda mlima tangu alfajiri wakala jua limeshapinda, padri akaondoka bila kuonja kitu. Mimi nilikuwa jikoni nachochea moto, na kila aliyepita alinisalimia kwa sauti ya chini kama ananipa pole ya msiba. Mwishoni Mama Koleta akaniletea sahani.

"Kula, mwalimu. Baba alikuwa hapendi mtu atoke kwake na njaa."

Nikala nimeinamisha kichwa.

Sufuria jipya nililinunua baada ya kuvuna kabichi zangu. Kufundisha bado nafundisha, ila sijagusa tena chombo cha mtu mbele za watu kabla sijajaribu kwanza kwangu, peke yangu, na chombo changu mwenyewe.