Nilimtengenezea mzee wangu vazi la shujaa wa game kwa karatasi, akaingia nalo kwenye ngoma Dutwa

Wakuu, kwema huko mliko?

Ninachosimulia hapa kimenitokea mimi mwenyewe, na mashahidi ni uwanja mzima wa Dutwa. Sitaongeza chumvi. Ila kuna sehemu mtasema huyu anaota, na hata mimi kuna siku huwa nakaa najiuliza kama sikuota.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nina stationery ndogo hapa Bariadi mjini. Napiga picha za pasipoti, natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi. Mchana wateja wakikatika nacheza game kwenye kompyuta ya dukani.

Najua mtasema mama mzima anacheza game. Semeni tu, nimeshazoea.

Kwenye game ninayocheza kuna shujaa amevaa chuma mwili mzima, kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu. Hana haraka. Akipita kwenye nyasi ndefu jua la jioni linampiga mabegani, na mimi huwa naacha kabisa kucheza, namwangalia tu anavyotembea. Wateja wamenikuta hivyo mara nyingi, nimeshika tama, wanagonga meza ndipo nashtuka.

Basi siku moja nikakuta mtandaoni kuna watu wanatengeneza mavazi kama lile kwa karatasi.

Sio kuchora. Unadownload faili ambalo mtu amelikunjua vazi zima likawa vipande bapa, kama unavyofungua boksi la sabuni ukalilaza chini. Unaprint, unakata, unakunja kwenye mistari, unabandika namba moja na moja, mbili na mbili. Mwisho unapata kofia ya kuvaa kichwani.

Nikajiambia, printa ninayo, manila ninazo, gundi ipo. Nini kinanizuia?

Wakuu, kofia ya kwanza ilinila wiki mbili. Nilipobandika kipande cha mwisho haikupita hata masikioni. Kumbe printa ilikuwa inapunguza kila ukurasa ili utoshe kwenye karatasi, mimi wala sikuangalia. Nikabaki na kofia nzuri kabisa ya kumvalisha kuku.

Anayetaka kuanza, hiyo setting aiangalie kabla ya yote. Nimesema.

Ya pili ilitoka saizi ya mtu. Ila manila peke yake inalegea. Wenzetu wa nje wanaimarisha kwa madawa ya viwandani ambayo hapa Bariadi niliuliza maduka yote ya hardware wakanishangaa. Nikafanya kienyeji. Nilipika uji wa unga wa ngano ukawa gundi, nikabandika magazeti ya zamani tabaka juu ya tabaka. Kwa ndani nikaweka pamba ili isikwaruze ngozi. Pamba ya shambani kwetu Dutwa, nilikuwa naitoa mbegu moja moja huku nasubiri wateja. Nje nikapiga rangi ya mafuta ya silva.

Kumbukeni hapo. Nje rangi ya mafuta, ndani pamba na uji mkavu.

Sasa aingie mzee.

Baba yangu ni manju, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake. Ni Mgika tangu ujana wake, yaani mtu wa chama kimoja kati ya viwili vya ngoma vya Wasukuma. Jumapili anakaa benchi la mbele kanisani, ila msimu wa ngoma ukifika, ngoma ni ngoma.

Kwa wasiojua, mashindano ya kwetu vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, Wagika huku na Wagalu kule. Hakuna jaji wa kuandika maksi. Watazamaji ndio wanaohama. Wakivutiwa na nyie wanakuja mbio, wakichoka wanawakimbia mbio vilevile. Mwisho wa siku mnaangalia watu wamejaa upande gani.

Ndiyo maana kila kikundi kinatafuta kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Wengine wanaingia na chatu, wengine na fisi, wengine na masanamu yanayotikisa shingo.

Mzee alikuwa ameshindwa miaka miwili mfululizo. Masunga, mpiga ngoma wake mkubwa, alishamwambia kwa heshima kabisa kwamba wakishindwa tena, yeye na vijana wenzake wanahamia kikundi cha Nyashimo. Mzee akamjibu, "Tukishindwa tena naweka ngoma chini, na wewe hutakuwa na kikundi cha kukihama."

Mimi hilo lilinikata maini. Baba bila ngoma simjui. Sijawahi kumwona.

Akaja kwangu mjini kupima macho. Asubuhi akaingia dukani, tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, halafu akaiona kofia juu ya meza.

"Mayu," akaniita, kama Wasukuma tunavyomwita mama au binti, "hii ni nini?"

"Ni kofia ya shujaa wa kwenye game, baba."

Akaichukua kwa mikono miwili. Akaivaa. Akaenda kusimama mbele ya kile kioo ambacho wateja wanachania nywele kabla ya kupigwa picha. Akageuka kushoto taratibu, akageuka kulia. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi ya cheti akasogea kumpisha.

Kutoka ndani ya kofia sauti ya baba ikaja kama inatoka kwenye pipa.

"Mwili wake uko wapi?"

Nikamwambia mwili sijatengeneza.

"Utengeneze."

Wakuu, baba yangu huyu tangu nikiwa darasa la tano ananiambia niache mambo ya kitoto.

Nilimpima kwa kamba, kila kipimo fundo. Kifua, mabega, mapaja. Miezi miwili nilikuwa naishi kwenye ile kazi. Natoa kopi ya mtu huku kidole kimebandikwa na gundi. Vipande vilikauka kwenye kamba nyuma ya duka, mkono hapa, goti pale, na upepo ukipita vilikuwa vinageuka pamoja kama vinasikilizana. Nilikuwa nakaa na chai yangu naviangalia. Niseme ukweli, sijawahi kuwa na furaha ya aina ile.

Kipande cha mwisho kilikuwa kinga ya mkono wa kushoto. Rangi ilibaki nyingi, nikaona isiharibike, nikapaka nje na ndani.

Siku ya ngoma ikafika. Nililipeleka vazi Dutwa kwa bodaboda mbili, na njia nzima watu wenye baiskeli walikuwa wanashuka kuangalia.

Tulimvalisha mzee nyuma ya ghala la pamba. Alianza kuwa mrefu. Sijui niseme vipi, wazee wana namna ya kusinyaa, na yeye pale alikuwa anarudi alikotoka kipande kwa kipande. Masunga alikuwa anafunga kamba za magoti na sikuona tena uso wa mtu anayetaka kuhama.

Halafu baba akasema, "Leteni dawa."

Wakuu, nimekulia kwenye ile ngoma. Nimenyunyiziwa dawa tangu natambaa. Hakuna mchezaji anayeingia uwanjani bila ile dawa ya mvuto, miti iliyolowekwa kwenye beseni, unachovywa usinga humo, unapigwa mwilini na kwenye kila unachovaa. Na kwa mzee wangu dawa haipakwi nje. Inapakwa upande unaogusa ngozi.

Miezi miwili nimefikiria kila kona ya lile vazi, hilo sikulifikiria hata mara moja.

Nilifungua mdomo. Nikamwona anavyoinua kifua cha karatasi ili maji yaingie vizuri ndani, amefumba macho, midomo inatembea. Nani angemwambia hapo asimame? Mimi nilishindwa. Nilisimama naangalia usinga unachovywa na kupigwa, unachovywa na kupigwa. Beseni zima. Kinga ya mkono wa kushoto alivaa mwisho, nayo ikapata lake.

Akaingia.

Niliyoyaona dakika zile za kwanza nitakwenda nayo kaburini. Jua la saa kumi lilikuwa linatoka upande wa pamba zilizovunwa, vumbi limesimama hewani, na katikati ya vumbi anatoka mtu wa fedha. Anatembea taratibu. Hana haraka. Nywele zilinisimama, maana ule mwendo naujua. Ni yule yule wa kwenye nyasi ndefu. Na baba hajawahi kuiona ile game hata siku moja.

Watu wakahama. Wote, wakuu, wote! Upande wa Wagalu alibaki mzee mmoja na mbuzi wake.

Masunga alipiga ngoma mpaka nikahisi kifuani. Mzee akaanza kutikisa mabega.

Bega la kulia ndilo lililoanza.

Lilishuka polepole kama mtu anayesinzia, likaning'inia, likaanguka. Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo. Akaruka, goti likachanika. Kifua kikaanza kubonyea kwa ndani. Silva ikabaki kama ganda, karatasi chini yake imekuwa uji tena.

Kicheko kikabadilika. Nyie mnajua kicheko cha watu wanaokufurahia na kile kingine. Wagalu wakaona, wakapandisha wimbo, na watu wakaanza kurudi kwao.

Nilijificha nyuma ya mama mmoja mwenye mwamvuli. Nilitamani ardhi inimeze.

Kofia ikamshukia machoni. Akawa haoni. Akasimama.

Akaishika kwa mikono yote miwili akaipasua.

Ndipo pamba ikatoka. Pamba yote ile niliyoitoa mbegu moja moja ikamwagika kichwani kwake, mabegani, na upepo ukaichukua. Akapasua na kifua, ikatoka nyingine. Nyeupe, ndani ya lile jua, ikawa inapanda juu badala ya kuanguka. Na katikati yake baba yangu, kifua wazi, mbavu zinahesabika, mkono wa kushoto bado wa fedha, akaanza wimbo wake wa zamani ambao sikuwa nimeusikia tangu mama afariki.

Sauti yake haikuwa ya kwenye pipa. Ilikuwa yake.

Nililia. Siwafichi.

Kuna waliosimama njiani, hawaendi kwa Wagalu wala hawarudi kwetu. Kuna waliorudi. Akina mama walipiga vigelegele. Masunga alikuwa anapiga ngoma macho yamemjaa maji na hakuyafuta.

Lakini nimesema sitaongeza chumvi. Mwisho tulipoangalia watu wako wapi, wengi walikuwa kwa Wagalu. Tulishindwa. Mwaka wa tatu.

Jua lilipokuwa linazama tulikuwa tumekaa nyuma ya lile ghala. Mzee alikuwa anachambua pamba kwenye ndevu zake na kuiweka kwenye paja, kidogo kidogo. Vijana walikaa mbali kidogo wanamsubiri aseme lile neno alilolisema.

Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Baba nisamehe, nilijua maji yataharibu na sikusema."

Akaivua ile kinga ya mkono wa kushoto, akaigonga kwa kidole. Ngumu kama ilivyotoka Bariadi. Akachungulia ndani, akapitisha dole gumba kwenye rangi.

"Hii mbona imekataa kufa?"

Nikamweleza. Hii kinga niliipaka rangi pande zote mbili, kwingine nilipaka nje tu.

Akaigeuzageuza mkononi.

"Lakini sasa humu dawa haikuingia," akasema. "Iliteleza tu juu." Akaigonga tena. "Hiyo gundi yako unaipikaje?"

Nikamwambia ni unga na maji, unakoroga kwenye moto mpaka unakuwa uji.

"Basi mwaka kesho maji ya kupikia yawe ya dawa. Ikae humo humo ndani. Halafu wewe ndiyo ufunge na rangi yako pande zote."

Mwaka kesho.

Nilimwangalia Masunga, naye akaniangalia. Kisha akanyanyuka, akaenda kuchukua ngoma ya mzee iliyokuwa imeachwa uwanjani, akaifuta vumbi kwa shati lake, akaibeba begani kuirudisha nyumbani kwa mzee. Vijana wote wakamfuata.

Somo nililopata, wakuu, nilidhani nampelekea baba kitu cha kumficha, ili watu wasione alivyochoka. Walichokuja kukiona mwishoni ni yeye. Na somo lingine ni la kazi: karatasi ipakwe rangi nje na ndani, usifanye uvivu.

Ile kinga ya mkono ameitundika ukutani Dutwa, karibu na rozari yake. Mimi nimeshaanza kuprint upya, na setting nimeangalia mara tatu.

Sasa naombeni mchango wenu, na sitanii. Mwenye uzoefu aniambie, uji wa ngano ukipikwa kwa maji yaliyolowekwa mizizi na magome, unashika karatasi au unaiachia? Mzee amenipigia leo mara mbili anataka jibu.