Karamu Iliyoliwa Bila Bibi Arusi

Baba alikuwa akisema kwamba hata kuzaliwa nilichelewa. Mama alibeba mimba yangu mpaka majirani wakaacha kuuliza. Sijui kama ni kweli. Ninalojua ni kwamba katika shule ya misheni ya Mulungwishi kengele haikunikuta darasani hata mara moja. Sikuwa mvivu. Niliamka pamoja na wenzangu na kuoga pamoja nao, kisha kitu kidogo kinanishika: kiatu kimoja hakionekani, au nimekumbuka moto sikuuzima, au mama mmoja amenisimamisha njiani kunisalimu na siwezi kumwacha maneno yakiwa mdomoni. Nikiinua macho, wenzangu wamekwisha kuingia. Walimu waliniadhibu mpaka wakachoka, na mwisho wakawa wanacheka tu. Kicheko kile kiliniuma kuliko fimbo.

Kwa hiyo, siku ya arusi yangu, shangazi hakutaka kuniamini. Ilikuwa wakati Katanga imejitenga na Kongo, majira ya mvua ya mwisho kabla mambo hayajaharibika kabisa. Mchumba wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba Likasi. Arusi ilikuwa ifungwe huko, katika kanisa la mtaa wao, asubuhi, kwa sababu jioni alitakiwa kazini. Kapita wake, msimamizi wa kazi, alikataa katakata kumbadilishia zamu. Shangazi aliniamsha kabla ya jogoo, akanivika gauni jeupe alilonishonea mwenyewe, akasimama mlangoni nisije nikarudi ndani kutafuta kitu. Tulipanda lori la mfanyabiashara wa muhogo kungali giza. Naikumbuka furaha ile. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nawahi.

Kwenye daraja, kabla ya mji, askari wa Katanga walikuwa wamefunga njia kwa mapipa. Jana yake njia ilikuwa wazi. Walimwamuru dereva ashushe magunia yote, nasi tukashuka nayo, maana walilitaka lori kubebea magogo ya kuziba njia nyingine. Mkubwa wao alinitazama kuanzia shela mpaka viatu.

"Weye njo bibi arusi?"

"Njo minye, tata. Bananingoja kanisani."

"Batangoja. Bwana arusi hawezi kukimbia."

"Utuache basi tuende na miguu," shangazi akamwambia.

"Apana, mama. Hakuna muntu anapita hapa. Njo amri."

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Mtu akikufokea unaweza kulia, unaweza hata kumjibu. Huyu alituonyesha mahali pazuri pa kukaa, juu ya magunia, akarudi kwenye mapipa yake. Shangazi alimfuata mara kadhaa, akamsihi kwa Kiswahili, kwa Kisanga, hata kwa Kifaransa chake kidogo. Kila mara alirudi na kukaa kando yangu. Jua likapanda, kisha mvua ikaja. Askari mmoja alivua koti lake la mvua akatufunika mimi na shangazi, naye akabaki analowa. Lakini maji yalipiga udongo mwekundu, na udongo ukaruka juu ya gauni. Nilijaribu kulikunja magotini. Lilikuwa refu mno.

Yaliyotokea kanisani nilikuja kuyasikia kwa mume wangu. Mwanzoni watu walitaniana. Kwaya iliimba nyimbo zote ilizojua, ikazianza upya. Mchungaji alitoka nje kutazama barabara, akaingia, akatoka tena. Kisha kaka mmoja wa bwana arusi akachukua baiskeli, akataka kuja kututafuta. Mama mkwe alimshika mkono.

"Acha. Weye haumujue ule mutoto? Anachelewaka vile. Atakuya."

Kaka akaiegemeza baiskeli ukutani. Hakuna aliyeingiwa na hofu. Msichana mwingine angechelewa hivyo katika siku zile za vita, wangesema amepatwa na jambo, wangekwenda njiani kuulizia. Mimi walinijua. Bukari, ule ugali wa karamu, ilipoanza kupoa nyumbani, mama mkwe akawaambia wageni waanze kula.

Lori lilirudishwa jua likielekea kuzama. Tulipofika, mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa. Mchungaji alikuwa amekwenda zake kwa kuogopa saa ya kutotembea usiku. Uani kwa wakwe zangu, wanawake walikuwa wanaosha sufuria. Mama mkwe alisimama, akajifuta mikono.

"Tulikungoja, mama," aliniambia.

"Basoda banatufungia njia," shangazi akamjibu. "Tulitoka mapema. Mungu anatuona."

"Ndiyo," mama mkwe akasema, kwa sauti ile ya kumpokea mtoto anayejitetea. Akatutilia chakula kilichobaki.

Mchumba wangu alikuwa amekwisha kwenda kazini. Alirudi asubuhi, uso umejaa vumbi, akanikuta nimekaa jikoni nimevaa kikwembe, kitenge nilichoazimwa. Nilianza kumweleza habari za mapipa.

"Najua," alisema upesi. "Ulifika. Ni sawa."

Hakujua. Niliona kwamba hakujua, nikamtilia maji ya kunawa uso.

Mchungaji alikuwa ameondoka asubuhi ile ile kwenda kuwaona wazazi wake kijijini, na njia ikafungwa nyuma yake. Basi nikakaa pale, si mke, si mgeni. Nililala chumba kimoja na mama mkwe na shangazi, ambaye naye hakuweza kurudi. Tukasikia mizinga upande wa mto. Askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia mjini, bendera zikabadilika, mchungaji akarudi. Alitufungisha ndoa siku ya kazi, watu wakiwa wachache, nami nimevaa kikwembe, maana madoa ya gauni yalikataa kutoka.

Mume wangu ni msimuliaji mzuri. Kwenye kila arusi ya jamaa huombwa asimulie jinsi mke wake alivyochelewa siku nzima, na watu hucheka mpaka machozi. Askari hawamo katika hadithi yake. Zamani nilikuwa nawatia. Watu walinisikiliza kwa heshima, wakisubiri nimalize.

Baada ya ndoa ile, shangazi aliondoka kwa lori la kwanza lililokwenda Mulungwishi. Nilitaka kumpelekea kifurushi cha karanga, na nilipofika kituoni gurudumu lilikuwa limeanza kuzunguka. Nilikimbia kandokando ya lori, akainama akakipokea.

"Rudi sasa," aliniambia. "Mama mkwe anakungoja."