Chuma cha Anjera Chini ya Sufuria

Moto wa meko hauna adabu. Hutoka kwa kishindo kwenye kile kichwa kidogo kilichokazwa juu ya mtungi wa gesi, ukaipiga sufuria kitovuni, pembeni mchele ukabaki mbichi. Fadumo alikuwa akiteseka nao tangu wahamie ghorofa la Makadara, ambako mwenye nyumba hataki kusikia habari ya makaa. Kwenye makaa angefunika sufuria, akapalia juu na chini, wali ukaiva kwa raha zake. Kwenye meko uliungua.

Kama wangekuwa wawili tu, yeye na mumewe dereva, wangekula hivyo hivyo. Lakini mama mkwe, Bi Batulo, tangu apooze mkono wa kulia hakutamani kitu ila wali, na wenye harufu ya kuungua aliusukuma kando. Husemwa mgonjwa haulizwi uji. Huyu aliulizwa kila kitu, akakataa kwa upole uliomtisha Fadumo kuliko ukali. Mashavu yalikuwa yakizidi kubonyea. Alishinda kitandani kando ya dirisha, nusu macho nusu ndotoni, akiwaita kwa majina mbuzi wa utotoni mwake huko Garissa.

Fadumo akapata wazo. Akaokota kipande cha bati jipya nje ya karakana ya Muthama, mchomelea mageti, akakitandika juu ya moto na kuteleka sufuria. Hata maji hayajachemka, bati likafuka moshi mweupe wa kukereketa koo. Akazima gesi, akafungua madirisha yote. Alipomwendea Muthama kumweleza, yule hakumcheka sana.

"Bati ikishika moto hivyo ni sumu, mama," alimwambia. "Tafuta chuma nzito, ile inapata joto pole pole."

Fadumo alirudi nyumbani miguu ikimwendea yenyewe, maana chuma cha namna hiyo alijua kilipo. Uvunguni mwa kitanda cha Bi Batulo kulikuwa na chuma chake cha kupikia anjera, ile mikate myembamba ya unga uliochachushwa; cheusi, kizito, kimefungwa kwa leso. Hakijaguswa na sabuni wala nyama wala mkono wa mtu mwingine, kwa sababu mwenyewe alishikilia kwamba kikigeuzwa kazi, anjera zitagandia. Kukiomba ilikuwa sawa na kumwambia mama hatapika anjera tena, na Fadumo hakuwa na moyo huo. Akangoja mzee asinzie, akapiga magoti, akakivuta.

"Unakipeleka wapi?" Bi Batulo aliuliza. Macho yalikuwa wazi.

Fadumo akasema kweli yote: bati, moshi, na hofu yake ya kumpoteza kwa njaa ilhali chakula kipo motoni. Mama alikitazama chuma mpaka jua likahama kutoka kwenye mto hadi ukutani. Kisha akaomba mafuta na kitambaa. Kwa mkono wa kushoto akakipaka chuma taratibu, akizungusha, akizungusha, midomo ikinong'ona kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Alipomaliza akamkabidhi.

Chuma kikakaa juu ya meko, sufuria juu ya chuma. Nyumba ikatulia. Harufu ya iliki ikaingia chumbani bila haraka, ikapita juu ya kitanda, ikatokea dirishani. Fadumo alisinzia kwenye kigoda, akaota amelala mahali penye joto lisilo na upande. Alipofunua sufuria, wali ulikuwa umeiva mpaka pembeni, na chini haukushika hata kidogo.

Bi Batulo alionja, akatafuna kwa muda mrefu. Akala tonge la pili. Akala mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Leo jioni uloweke unga wa anjera," alisema. "Kesho nitakaa pale mlangoni nikuelekeze. Chuma ni chako sasa, mwanangu. Mimi niachie kula."

Fadumo alichukua sahani, akaenda nayo jikoni, akalia.