Paa Halipimwi kwa Macho ya Getini

Siku ile ya kule mtaani Cibitoke, mwanangu, naikumbuka kama ya juzi, na kila nikiikumbuka damu inanichemka.

Dada yangu mkubwa, Consolata, alikuwa amefiwa na mumewe. Alibaki na watoto wadogo na biashara ya maziwa, na kwa joto la Bujumbura umeme ukikatika maziwa yanachacha. Ndipo shemeji yake Déo, mdogo wa marehemu, akamletea muuza sola. Yule bwana, viatu vinang'aa, alisimama getini, akainua kidevu, akatazama mabati, akasema, "Toit iko bien," yaani paa ni zima. "Kesho tunafunga." Basi! Hata mwenye kuuza mbuzi anakuacha umshike mgongo kwanza!

Déo naye akaongeza yake: paneli zikae upande wa barabara, ili wageni wa sherehe ya kumaliza kilio wazione wakishuka garini. Upande huo una mti wa avoka wa jirani, na kivuli chake hulala juu ya bati mchana wote. Nikamwuliza, "Shemeji, kivuli kitatoa umeme gani?" Akacheka tu.

Nilikuwa msichana mwenye mdomo, sikatai. Nikawaomba wapande wakaangalie mbao. Muuzaji akajibu, "Mi nauza pano," ndivyo alivyoziita paneli, "sikujenga nyumba." Déo akasema kaka yake alijenga vizuri, asitukanwe kaburini. Haya, nikaleta ngazi mwenyewe, nikajifunga kitenge kiunoni. Mama wee! Déo alipiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Mwanamuke juu ya nyumba? Apana! Kirazira!"

Kirazira ni mwiko, na huo kwetu ni wa tangu mababu: mwanamke hapandi juu ya paa. Sawa. Lakini ile ilikuwa nyumba ya mjane. Wenye ruhusa ya kupanda hawataki kuchafua suruali, na anayelala chini yake anakatazwa. Niambie, hiyo ni heshima gani?

Mama mkwe wa dada, bibi wa maneno machache, alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Hakupaza sauti. "Déo," alisema, "kirazira ni mutoto kuangukiwa na nyumba. Ndiyo ninayoijua mi. Panda, binti."

Nikapanda. Kutu ilikuwa imekula bati kuzunguka misumari. Nililiinua pembeni kwa mkono mmoja. Nikachoma kisu kwenye boriti ya mkaratusi, kikazama mpaka mpini, unga ukamwagika. Mchwa walikuwa wamemaliza ndani, nje wameacha ganda zuri la kudanganya watu. Kikulacho ki nguoni mwako. Na chini ya boriti ile ndipo lilipokuwa godoro la watoto wa dada yangu.

Nililia kwa hasira huko huko juu. Unajua Déo alisema nini? "Itashikilia hadi sherehe ipite." Kweli, alitamka, mbele ya mama yake! Bibi akaweka ungo chini. "Basi leo lala hapo we, wajukuu wangu walale kwako."

Déo aliondoka na muuzaji wake, na sherehe ikafanyika bila paneli. Wageni walikula, wakaimba, hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Boriti zilibadilishwa kwanza, na kiangazi kilichofuata paneli zikafungwa upande wa uani, penye jua.

Sasa nasikia na wewe, huko Kamenge, mtu amekupimia paa akiwa barabarani, nawe umemshukuru! Nisikasirike? Sikiliza. Mtu apande. Achome mbao, asitazame rangi. Bati likichoka, libadilishe kabla, maana paneli ni za miaka mingi na hutazishusha kila mvua ikivuja. Shinda uani siku moja ya jua uone kivuli kinapita wapi, na mti wa jirani nao uuhesabu, kwa sababu utakua. Wazione wageni au wasizione, shauri yao. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta si kitu, mwanangu. Mtoto hajengwi tena.

Na akitokea wa kukuambia kupanda si kazi yako, mwulize kama atakuja kulala chini yake.

Mungu akupe nyumba ambayo mvua ikinyesha unageukia upande wa pili na kuendelea kulala. Awakuze watoto wako humo, wote, mpaka wakuzike wao.